Chuo au Karakana? Mjadala Kuhusu Shule za Halmashauri

Sekondari nyingi za serikali Tanzania ziko mikononi mwa halmashauri. Wizara ya Elimu ndiyo inayotunga sera na mitaala. Kujenga madarasa, kusimamia walimu na kujibu maswali ya madiwani matokeo yanapokuwa mabaya ni kazi ya halmashauri, chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Sasa halmashauri hizo zimekabidhiwa mzigo mpya. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Imefungua pia mikondo miwili kuanzia Kidato cha Kwanza, elimu ya jumla na mafunzo ya amali, yaani ya fani kwa vitendo. Shule za kwanza zilianza kupokea wanafunzi wa amali Januari 2024.

Hoja iliyo mezani ni hii: mkondo wa amali uenezwe katika kila sekondari ya halmashauri. Sauti tano zifuatazo nimezitunga kutokana na hoja zinazosikika kwenye vikao vya wazazi, ofisi za walimu na maeneo ya ujenzi. Kuna Mwalimu, ambaye ni mkuu wa shule ya kata, Mama, muuza samaki ambaye mwanawe anakaribia kuingia Kidato cha Kwanza, Mzee, mwalimu mstaafu wa ufundi, Fundi ujenzi, na Binti wa Kidato cha Nne.

MWALIMU: Naunga mkono hoja. Kila mwaka naagana na watoto wa Kidato cha Nne nikijua kwamba wengi wao hawatafika Kidato cha Tano. Miaka minne tumewafundisha kana kwamba wote wanaelekea chuo kikuu. Mtihani ukipita, aliyechaguliwa anaendelea, aliyekosa anarudi nyumbani na cheti kisichomwambia mwajiri anaweza kufanya nini. Ameijua kanuni ya Ohm na hajawahi kufunga swichi. Ameichora mizizi ya mmea kwenye daftari na hajawahi kuotesha mche. Katika mkondo wa amali, mtoto huyo anasoma hisabati na lugha kama wenzake, kisha anajifunza fani moja kwa vitendo, na umahiri wake unapimwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Akitoka shuleni, ana kitu cha kuonyesha.

MAMA: Mwalimu, wewe ndiye uliyewalea wanangu wawili, na heshima yako iko palepale. Ila nijibu: watakaopelekwa huko ni watoto wa nani? Wenye uwezo wamewapeleka wa kwao shule binafsi, wanaandaliwa kuwa madaktari na wanasheria. Wa kwetu ndio mnaowaona wana mikono mizuri. Mimi nimeamka alfajiri kwenda mnadani miaka yote hii ili mtoto wangu apate cheti, kwa sababu sina shamba la kumrithisha wala nyumba ya kupangisha. Leo mnaniambia jembe na nyundo vinamtosha?

MZEE: Mama anayo historia upande wake, tusimkatize. Tume ya Phelps-Stokes ilipopita Afrika Mashariki mwaka 1924, ilipendekeza Mwafrika apewe elimu inayolingana na maisha ya kijijini: kilimo, usafi, kazi za mikono. Yapo mema katika pendekezo hilo. Lakini lilitolewa ndani ya mfumo uliotenga shule kwa rangi, na Waafrika walijua vizuri ni nani aliyekuwa akiandaliwa kutawala na nani kutumikishwa. Mwaka uliofuata Tabora ilifunguliwa shule kwa ajili ya watoto wa machifu. Kwa hiyo mzazi anaposikia mtoto wake amepangiwa ufundi, hofu yake ina mizizi. Haiondoki kwa semina.

MWALIMU: Lakini Mzee, Mwalimu Nyerere naye alisema tusome huku tunafanya kazi.

MZEE: Alisema, na tukamsoma nusu. Andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la Machi 1967 lilikuwa linashambulia elimu ya kumtenga msomi na jamii yake. Alitaka shamba la shule liwe mahali pa kufikiri: tupande nini, kwa gharama gani, tumepata nini, tumekosea wapi. Katika shule nyingi likawa shamba la kulima tu. Mtoto alishika jembe saa mbili, akarudi darasani, na hakuna aliyemuuliza hata hesabu ya magunia. Wengine walipewa jembe kama adhabu ya kuchelewa. Kizazi kizima kikajifunza kwamba kazi ya mikono ni adhabu.

MAMA: Basi mmeyaona wenyewe.

MZEE: Ngoja, mama, upo upande wa pili. Mimi nimefundisha ufundi. Zilikuwepo shule kama Ifunda na Moshi, ambazo mizizi yake ni vituo vya ufundi vya miaka ya 1950. Miaka ya 1970 sekondari zetu zilikuwa na michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansi kimu. Kijana wa ufundi alikuwa anasoma fizikia na hisabati ileile ya wenzake, na juu yake uchoraji wa kihandisi na karakana. Hakuna aliyemwita aliyeshindwa. Alikwenda Chuo cha Ufundi Dar es Salaam, kilichoanzishwa 1957 na ambacho leo ni DIT, na wapo waliokwenda kusomea uhandisi chuo kikuu. Wakati ule mkono ulisafiri pamoja na hesabu.

MAMA: Kama ilikuwa nzuri hivyo, kwa nini ilikufa?

MZEE: Kwa sababu karakana inakula kila siku. Darasa la historia linataka chaki na mwalimu. Karakana inataka mbao, vyuma, umeme, vipuri na mtu wa kunoa misumeno. Uchumi ulipoyumba miaka ya 1980, bajeti ya vifaa ndiyo iliyokatwa kwanza. Mashine ikiharibika, inafunikwa turubai. Mwalimu wa ufundi anapata kazi kiwandani, anaondoka. Kisha ukaja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, mwaka 2004. Shule za kata zikaongezeka hadi nchi ikavuka shule 4,000 kabla ya 2010. Lilikuwa jambo kubwa. Mtoto wa kijijini alipata sekondari karibu. Lakini tulijenga madarasa, na karakana tukazisahau.

FUNDI: Niruhusuni na mimi. Nimeanza kama saidia fundi, nabeba zege, sasa nina vijana wangu ninaowasimamia. Mnasema mtoto wa darasani hana mikono. Kweli. Akija kwangu hajui kushika mwiko, hajui timazi ni ya nini. Lakini niseme na upande wangu: fundi asiye na shule anafika mahali anakwama. Najua kusuka nondo na kupiga plasta kuliko wengi, ila kazi za halmashauri siku hizi zinatangazwa kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni. Unatakiwa ujisajili, usome masharti, uandike makadirio. Sheria inatenga asilimia 30 ya manunuzi ya umma kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo. Kijana wangu mwenye mikono ya dhahabu hawezi kuigusa hiyo asilimia 30, kwa sababu hajui kuandika makadirio ya ukuta mmoja. Kwa hiyo msimpe mwanangu nyundo mkamnyang'anya kalamu.

MWALIMU: Hakuna anayemnyang'anya kalamu, Fundi. Ndiyo maana wanasoma vyote.

BINTI: Shikamooni wakubwa. Naomba niseme kwa niaba ya sisi tunaoamuliwa. Mwaka huu nimejaza selfomu, ile fomu ya kuchagua masomo. Nilitakiwa nichague tahasusi, yaani michanganyiko ya masomo, za Kidato cha Tano au fani za chuo. Tangu 2024 tahasusi zimekuwa 65. Nilichagua kwa kusikia majina yake, kwa sababu sijawahi kumwona mhandisi akiwa kazini, wala mpimaji ardhi, wala mtu wa maabara ya hospitali. Shule yetu ina mwalimu mmoja wa ushauri na unasihi, na ana vipindi vyake vya kufundisha. Mnabishana kama tuende chuo au karakana. Mimi sijaonyeshwa hata kimoja kati ya hivyo.

MAMA: Umesema kweli, mwanangu.

BINTI: Na jambo la pili. Wakitaja amali, wavulana wanatajiwa umeme na magari, sisi ushonaji na mapishi. Ushonaji ni kazi ya heshima, shangazi yangu amesomesha watoto kwa cherehani. Ila mimi nataka umeme. Na nataka kujua: nikisoma umeme sekondari, mlango wa chuo kikuu unafungwa?

MWALIMU: Haufungwi. Vyuo vya ufundi vina ngazi zake. Unaanza cheti, unafika stashahada, ambayo ni ngazi ya sita, na ukiwa na ufaulu mzuri unaomba shahada bila kupita Kidato cha Sita. Siku hizi Bodi ya Mikopo inakopesha hata baadhi ya wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, jambo ambalo zamani halikuwepo.

MAMA: Ngazi ya kwenye karatasi naijua, Mwalimu. Nieleze ya miguuni. Chuo kiko wapi? Nauli nani analipa? Elimu bila ada inamfikisha hadi Kidato cha Sita. Akienda chuo cha ufundi baada ya Kidato cha Nne, mara nyingi ada inarudi nyumbani kwangu. Kwa hiyo anayekwenda Kidato cha Tano serikali inambeba, na anayekwenda kujifunza kazi namlipia mimi. Halafu mnashangaa kwa nini kila mzazi anakimbilia Kidato cha Tano.

MWALIMU: Hapo sina jibu la kukuridhisha.

MZEE: Mama ameligusa jambo lililojificha. Tufanye hesabu ya umri. Kwa sera mpya mtoto anaanza Darasa la Kwanza akiwa na miaka 6. Ongeza 10 ya lazima: anamaliza akiwa na 16. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, lakini inakataza aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi za hatari. Juu ya jukwaa la ujenzi, kwenye nyaya za umeme mkubwa, migodini, hafai kuwepo. Mkopo wa vijana wa halmashauri naye haupati, kwa kuwa unatolewa kwa vikundi vya watu wazima. Sasa anayesema amali inamwandaa mtoto kuingia kazini moja kwa moja, amwambie huyu wa miaka 16 aende wapi kesho asubuhi.

(Hapa kikao kilinyamaza kidogo, na Mwalimu ndiye aliyeanza tena.)

MWALIMU: Nakubali. Na niongeze ugumu mwingine. Kwa mpangilio wa mtaala mpya, mwaka 2027 Darasa la Sita na Darasa la Saba watamaliza pamoja, ili 2028 waingie Kidato cha Kwanza mikupuo miwili kwa wakati mmoja. Halmashauri inakimbizana na madarasa, matundu ya vyoo na madawati. Ukiniuliza karakana, nakuonyesha stoo. Ruzuku ya uendeshaji iliyowekwa tangu enzi za MMES ni Sh 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na vitabu vimo humo. Kwa fedha hiyo fimbo za kuchomelea haziishi muhula. Walimu wa fani wanaandaliwa Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi pale Morogoro, na mahitaji ni ya nchi nzima.

FUNDI: Lakini Mwalimu, karakana kubwa kuliko zote iko mbele ya macho yenu. Mwaka 2021 serikali ilipata mkopo wa IMF wa Sh trilioni 1.3 wa kukabiliana na Uviko-19, yakajengwa madarasa 15,000 nchi nzima. Mengi yalijengwa kwa force akaunti: halmashauri inanunua vifaa, inatuita mafundi wa mtaani. Nilijenga darasa ndani ya uzio wa shule. Siku ya kupiga kamba ya msingi tulipima kona kwa 3, 4, 5, kama kila fundi anavyofanya ili kona ikae mraba. Dirisha la jirani, mwalimu alikuwa anafundisha Pythagoras ubaoni. Hatua 20 hazikufika. Hakuna aliyewatoa watoto nje waje washike kamba.

BINTI: Ningeishika mimi.

FUNDI: Halmashauri inajenga kila mwaka: zahanati, madaraja, nyumba za walimu, visima. Inafunga umeme, inatengeneza madawati. Kila mkataba uwe na sharti: wanafunzi wa amali wa shule jirani waje wajifunze hapa, kwa ratiba, na fundi mkuu asaini walichojifunza. Haihitaji kujenga jengo jipya.

MAMA: Nikijua fundi ni wewe, sawa. Wengine watawageuza vibarua wa bure.

MZEE: Ndiyo hatari iliyoliua shamba la shule. Kipimo changu ni kimoja: kazi isiyomwachia mwanafunzi swali la kulijibu darasani kesho yake, hicho ni kibarua. Akishika kamba ya msingi, kesho achore ramani na kukokotoa saruji. Akibeba tofali tu, arudishwe shuleni. Avae kofia ngumu na viatu, asipande juu, na jina lake liandikwe kwenye daftari la mafunzo kabla hajagusa kitu.

MAMA: Basi nitaje masharti yangu, muyaandike. La kwanza, msichague wa kwenda amali kwa kuangalia aliyefeli Darasa la Saba. Mkifanya hivyo mmeshaiua siku ya kwanza. La pili, yule mwalimu wa hisabati anayesifiwa kata nzima, aingie na darasa la amali. La tatu, mtoto wa miaka 12 asifungiwe mlango. Akiona Kidato cha Pili kwamba amekosea, ahame. Mkinipa haya matatu, wangu nitamleta mwenyewe.

MWALIMU: La pili na la tatu naweza kuyaanza nikiwa shuleni. La kwanza linamhitaji Afisa Elimu na madiwani.

BINTI: Na mimi naomba la nne. Kabla ya selfomu, tupelekwe tuone. Hospitali ya wilaya, kituo cha umeme, ofisi ya mpimaji, bandarini kwa walio pwani. Hata siku moja kwa kila muhula.

Sauti hizo nikizipima zote, naona kila mmoja wao ana haki ndani ya hoja yake. Msimamo wangu lakini ni mmoja: mkondo wa amali uenezwe, kwa sharti la kwamba haugeuzwi kuwa mwisho wa safari. Hesabu ya Mzee ndiyo inayoamua. Mfumo unaomaliza elimu ya lazima mtoto akiwa na miaka 16, katika nchi ambayo sheria inamlinda dhidi ya kazi za hatari hadi 18, hauna haki ya kumwambia kwamba sasa ameandaliwa na ajitegemee. Kwa mtoto wa umri huo, kuandaliwa kwa kazi na kuandaliwa kwa chuo ni safari moja. Tofauti ni njia anayopita, na njia zote mbili zinastahili walimu bora, fedha na heshima iliyo sawa.

Miaka hiyo miwili, kati ya 16 na 18, ndiyo halmashauri inayopaswa kuimiliki. Vyombo vipo. Kuna vyuo 54 vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanza kujengwa miaka ya 1970, kuna vyuo vya ufundi stadi vya VETA vinavyojengwa katika wilaya, kuna miradi ya ujenzi ya halmashauri yenyewe inayoweza kuwa sehemu ya uanagenzi. Kuna pia asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Anayehitimu amali akiwa na 16 aingie chuo au uanagenzi uliosajiliwa, na akifika 18 akute kikundi na mtaji vinamsubiri kwenye halmashauri ileile iliyomsomesha. Leo vitu hivi vinasimamiwa na idara tofauti zinazokutana kwa nadra: elimu sekondari, maendeleo ya jamii, ujenzi, manunuzi. Mkurugenzi wa halmashauri anaweza kuwakalisha meza moja bila kusubiri sera nyingine kutoka Dodoma.

Na hoja ya Mama kuhusu ada haiwezi kuachwa hewani. Serikali iliyofuta ada ya Kidato cha Tano na cha Sita mwaka 2022 ilifanya jambo jema. Sasa imtendee hivyohivyo kila wa rika lilelile aliyechagua chuo cha ufundi. Mpaka hapo, mzazi maskini ataendelea kuukimbia ufundi kwa sababu za mfukoni, nasi tutaendelea kumlaumu kwa kudharau kazi.

Lipo jambo moja ambalo kila diwani anaweza kulidai kwenye kikao kijacho cha baraza. Matokeo ya mitihani ya taifa ya NECTA yanatuonyesha shule imepata divisheni ngapi za kwanza na ziro ngapi, na kwa takwimu hizo tunawapongeza na kuwafokea wakuu wa shule. Hayatuonyeshi wahitimu wa miaka mitatu iliyopita wako wapi. Halmashauri iwe na daftari la kila shule: nani yuko Kidato cha Sita, nani yuko VETA, nani yuko kwa fundi na kwa mkataba gani, nani yuko nyumbani, na wangapi kati yao ni wasichana. Watendaji wa mitaa na vijiji wanawafahamu watu wao. Kazi hii hawashindwi. Daftari hilo lisomwe hadharani mara moja kwa mwaka, mbele ya wazazi, kama yanavyosomwa mapato na matumizi. Shule ipimwe kwa hilo pia. Hapo ndipo mkuu wa shule atakuwa na sababu ya kuwafuatilia waliokosa Kidato cha Tano kwa bidii ileile anayowafuatilia waliochaguliwa, na Mama atajua kama ahadi aliyopewa kuhusu mwanawe imetimizwa.